Kwa Nini Nyasi Mpya Hukataa Kushika Mizizi Mjini Goma, na Namna ya Kuzizuia Zisife

Nyasi zinazotandikwa zikiwa mikeka katika parsele (viwanja vya nyumba) za Goma mara nyingi hupendeza kwa siku kumi za mwanzo, kisha huanza kufa bila mwenye nyumba kuelewa kosa liko wapi. Kingo za mikeka hugeuka rangi ya majivu, majani hujikunja, na mtu akikanyaga, alama ya mguu wake hubaki pale kwa muda mrefu badala ya majani kuinuka tena. Mwenye nyumba huongeza maji, majani huzidi kuwa ya manjano, na baada ya wiki nyingine mkeka mzima huinuka mkononi kama busati kwa sababu haukuwahi kushikamana na ardhi. Nimeyaona hayo katika mitaa ya Himbi, Katindo na Ndosho, na nimeyaona katika ua wa nyumbani kwetu pia, ambako mita za mraba 30 zilizotandikwa mwanzoni mwa mwezi wa sita zilikauka zote kabla ya mwezi wa saba kwisha. Kwa familia iliyolipia nyasi, lori la udongo na vibarua, hasara hiyo si ndogo, nayo huuma zaidi kwa kuwa karibu kila mara ingeweza kuzuilika.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mkeka wa nyasi, unapokatwa kule ulikoota, huacha sehemu kubwa ya mizizi yake ardhini. Kinachopakiwa kwenye lori ni majani, mashina yatambaayo, na udongo wa unene wa sentimita mbili au tatu wenye mizizi iliyokatwa. Mmea huo huishi kwa akiba iliyomo katika mashina yake na kwa unyevu mdogo uliobaki katika udongo wake, kwa hiyo rangi ya kijani ya siku za mwanzo haithibitishi kwamba nyasi zimepokea makao mapya. Zinachofanya ni kumaliza akiba. Mizizi mipya isipoteremka katika udongo wa chini kabla akiba hiyo haijaisha, nyasi hufa hata kama zinamwagiwa maji kila siku.

Ndiyo sababu ninawasihi wenye parsele wasihukumu nyasi kwa kutazama majani peke yake. Ingiza vidole chini ya kona ya mkeka, uinue taratibu, utazame upande wa chini. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na hueleza zaidi kuliko wiki nzima ya kubahatisha.

Unachokiona chini ya mkeka

Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, mkeka wenye afya huonyesha nyuzi nyeupe, nyembamba, zinazochungulia kutoka katika udongo wake na kuingia katika udongo wa chini. Ukiuvuta, unakataa kidogo. Hata kama majani yake yana manjano juu, mkeka wa namna hiyo unaelekea kupona, na hauhitaji lolote isipokuwa maji ya kiasi na kuachwa bila kukanyagwa.

Ukikuta upande wa chini ni mkavu na udongo wake umekakamaa, ilhali juu majani yalikuwa yamelowa asubuhi hiyo hiyo, maana yake maji unayomwaga yanaishia katika majani na kurudi angani. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote mjini kwetu, kwa sababu maji hununuliwa kwa bidoni (madumu) na kila mtu huyamwaga kwa mkono wa kubania. Ukikuta mizizi ya rangi ya kahawia, yenye utelezi, na harufu kama ya tope la kinamasi, tatizo ni kinyume chake: maji yametuama na mizizi imekosa hewa. Mizizi hupumua, na udongo uliojaa maji muda wote huifisha kama vile ukame unavyoifisha.

Kuna hali ya tatu ambayo huwachanganya watu wengi. Mkeka ni mbichi, una unyevu mzuri, na una mizizi myeupe ya kutosha, lakini mizizi hiyo inazunguka ndani ya mkeka wenyewe na haiteremki hata kidogo. Hapo udongo wa mkeka na udongo wa chini haviafikiani. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu kwa Goma ni zito.

Hali ya nne ni mkeka uliokuwa umeshika vizuri kisha ukaachia ghafla baada ya mwezi au miwili. Ukiuinua utaona mizizi imekatwa kama kwa wembe, na ukifukua kidogo utakuta mabuu meupe, manene, yaliyojikunja mfano wa herufi C. Hayo ni mabuu ya mbawakawa. Mabuu mawili au matatu hapa na pale hayaui nyasi, ila ukihesabu zaidi ya matano katika eneo la sentimita 30 kwa 30, yaokote kwa mkono, au uwaachie kuku sehemu hiyo kwa siku moja kabla ya kutandika upya.

Ardhi yetu yenyewe

Maelezo mengi ya kupanda nyasi huandikwa kwa watu wenye udongo. Sisi wa Goma tunaishi juu ya mawe. Lava (mawe yaliyoyeyuka) ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilishuka hadi karibu na uwanja wa ndege. Chini ya hizo kuna lava za kale zaidi. Katika parsele nyingi udongo uliopo ni ule ulioletwa kwa lori, nao umelazwa juu ya mwamba kwa unene ambao mwenye nyumba hakuwahi kuupima.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana inapotiririka, kwa hiyo ikipoa huacha sehemu nyingine zikiwa bamba laini lisilopitisha maji, na nyingine zikiwa na nyufa pana ambazo humeza kila kitu. Parsele moja inaweza kuwa na hali zote mbili katika hatua kumi. Upande mmoja nyasi zinaoza, upande wa pili zinakauka, na mtu anayemwagia pande zote mbili maji sawasawa hawezi kuelewa kinachotokea. Kabla ya kununua nyasi, chimba mashimo matatu au manne ya kina cha sentimita 30 mahali mbalimbali, yajaze maji, uyatazame. Maji yakitoweka katika dakika chache, hapo udongo wako unavuja kuelekea nyufani. Yakibakia hadi kesho yake asubuhi, hapo kuna bamba chini. Na kama huwezi kuchimba sentimita 30 kwa sababu jembe linagonga mwamba kwenye sentimita tano, tayari umepata jibu, na hakuna nyasi zitakazodumu hapo mpaka uongeze udongo.

Nyasi zinahitaji udongo wa unene usiopungua sentimita 15 baada ya kushindiliwa, na 20 ni bora. Kwa ua wa mita za mraba 30, sentimita 15 ni meta za ujazo 4.5, na kwa kuwa udongo uliolegea hushuka unapolowa, inafaa kuagiza karibu 5.5. Watu hujaribu kubana hapa, wakaweka sentimita tano na kutumaini kwamba mizizi itajitafutia njia. Haitaipata. Udongo mwembamba juu ya jiwe jeusi hupata joto mchana kutwa, nalo jiwe huutoa unyevu wote kabla ya jioni. Afadhali kutandika nusu ya eneo juu ya udongo wa kutosha, na nusu nyingine kuiacha na kokoto nyeusi za volkano, ambazo nazo zina uzuri wake zikipangwa vizuri.

Penye nyufa, usimwage udongo moja kwa moja, kwani mvua za mwezi wa kumi zitaupeleka wote chini na mikeka itabaki ikining'inia juu ya mashimo. Jaza kwanza mawe makubwa, kisha madogo, kisha kokoto, kisha mchanga wa volkano, ukishindilia kila tabaka, ndipo udongo uje juu. Penye bamba, mwambie fundi alivunje kwa nyundo na mtaimbo katika sehemu kadhaa mpaka maji yapate pa kutokea, au aipe ardhi mteremko mdogo unaoelekea kwenye mfereji.

Sasa lile la mizizi isiyotaka kuteremka. Mikeka mingi inayouzwa huku imekatwa katika malisho au mabondeni yenye udongo mzito wa mfinyanzi, kisha hulazwa juu ya mchanga mweusi wa volkano wenye chembe kubwa. Udongo mzito hushika maji kwa nguvu na hauyaachii kwenda katika mchanga wenye chembe kubwa mpaka uwe umejaa pomoni. Matokeo yake mkeka unabaki na unyevu, mchanga wa chini unabaki mkavu, na mizizi, ambayo haina sababu ya kuingia mahali pakavu, inabaki ilipo hadi siku jua linapozidi na mkeka unakauka wote kwa pamoja. Dawa yake ni kuchanganya: changanya mchanga huo wa volkano na udongo mweusi pamoja na samadi iliyooza, usiviache viwe tabaka juu ya tabaka, na ukwangue mfinyanzi ulio chini ya mkeka pale ulipozidi sentimita tatu. Muulize muuzaji nyasi zake zimekatwa wapi, na uombe kuona kipande kimoja upande wa chini kabla ya kulipa.

Maji, na hesabu yake

Lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita moja. Nyasi changa, katika jua la hapa karibu na ikweta, zinahitaji takriban lita nne hadi tano kwa kila mita ya mraba kwa siku katika wiki mbili za kwanza kama mvua hainyeshi. Ua wa mita za mraba 30 basi unataka lita 150 kwa siku, yaani bidoni saba na nusu za lita 20, na kwa wiki mbili ni bidoni 105. Naomba kila mwenye parsele aifanye hesabu hiyo kwa kiasi cha ua wake na kwa bei ya bidoni mtaani kwake kabla ya kuagiza chochote. Ikiwa nyumba inapata maji kwa kuletewa na chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), na mama wa nyumba anayapima ya kupikia na ya kufulia, nyasi ndizo zitakazokosa kwanza, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Jibu ni kupunguza eneo au kubadili majira.

Majira mazuri ni mwanzo wa mvua: katikati ya mwezi wa tisa, au mwezi wa tatu. Anayetandika mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita anaziingiza nyasi zisizo na mizizi katika kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane, na ndivyo tulivyofanya sisi. Paa nalo husaidia kuliko watu wanavyodhani: mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 50 inaweza kujaza hadi lita 1,000 katika tangi. Maji ya ziwa yanatumika pia, ila Ziwa Kivu lina madini ya magadi na pH (kipimo cha uchachu au magadi) ya maji yake ya juu ni karibu 9, kwa hiyo yakitumiwa peke yake msimu wote wa kiangazi huweza kuichosha ardhi. Yakipishana na mvua hayana neno.

Mwagilia asubuhi na mapema. Baada ya kumwagilia, inua kona moja, choma kisu ardhini, ukitoe, utazame kimelowa mpaka wapi. Lengo ni sentimita kumi chini ya mkeka. Wiki mbili za kwanza mwagilia kila siku, na penye jua kali rudia kidogo saa nane mchana katika kingo zilizo karibu na ukuta au na mawe meusi, kwa maana huko ndiko kukauka kunakoanzia. Kuanzia wiki ya tatu, mizizi ikishaonekana, mwagilia mara moja kwa siku mbili au tatu, lakini kwa wingi zaidi kila mara. Mizizi hufuata maji yanakoshukia, na umwagiliaji wa kugusagusa juu kila jioni huifundisha kubaki juu.

Kutandika

Siku moja kabla, lowesha udongo wa chini mpaka ushuke, sawazisha kwa reki, kisha utembee juu yake ukiburuza miguu. Kisigino kikizama zaidi ya sentimita moja bado umelegea mno. Samadi iwe imeoza kwa miezi isiyopungua mitatu. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi michanga, na nimeona ua uliokufa kwa sababu hiyo tu. Kipimo kizuri ni sehemu moja ya samadi kwa sehemu nne za udongo. Mwenye uwezo aongeze mbolea ya NPK 17-17-17 (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu), gramu 30 kwa mita ya mraba, akiichanganya na udongo wa juu, kwani udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuishikilia fosforasi isiufikie mmea ikimwagwa juu tu.

Nyasi zikatwe na zitandikwe siku hiyo hiyo. Mikeka iliyorundikwa hupata joto lake yenyewe katikati ya rundo, na ukiingiza mkono utalisikia; ikilala usiku mmoja au miwili hutoka imegeuka manjano, na hapo imekwisha kutumia akiba ambayo ingeotesha mizizi. Ikichelewa kwa sababu ya barabara, itandaze kivulini na kuinyunyizia maji mpaka kazi ianze.

Anza kwenye mstari ulionyooka, sukuma kila mkeka ukabane na mwenziwe bila kupandana, na maungio yapishane kama matofali ukutani. Simama juu ya ubao, si juu ya nyasi. Kisha pigapiga kila mkeka kwa nyuma ya koleo mpaka usisikie tena sauti ya uwazi chini yake, maana mfuko wa hewa wa ukubwa wa kiganja unatosha kuua mizizi yote iliyo juu yake. Maungio yajazwe udongo uliochekechwa, na maji yafuate ndani ya nusu saa, bila kungoja ua wote umalizike. Penye mteremko laza mikeka ikikingama na mteremko na uipigilie vijiti vya sentimita 20. Ndugu zetu wa Bukavu, ambao parsele zao zinaning'inia kwenye vilima, wasithubutu kuacha hatua hii.

Sababu nyingine za kuangalia

Mahali ambapo mafundi walichanganyia zege wakati nyumba inajengwa, nyasi hutoka na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani hata zikipewa kila kitu. Saruji iliyobaki ardhini imepandisha pH na mmea haupati chuma. Hapo pachimbuliwe, saruji itolewe, udongo mpya uwekwe. Chini ya mparachichi mkubwa au nyuma ya ukuta mrefu ambako jua halifiki saa nne kwa siku, usitandike.

Moja lazima niliseme kwa uzito. Katika mabonde ya magharibi ya mji, kuelekea Sake, kuna mahali pa mazuku, ambapo hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutulia katika mashimo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Nyasi zikifa katika shimo la namna hiyo, na asubuhi ukakuta mijusi, ndege au wadudu waliokufa hapo, usiiname kuinua mkeka na usiruhusu watoto kusogea. Toa habari kwa viongozi wa mtaa na kwa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, na sehemu hiyo iachwe.

Kuokoa zinazokufa

Mkeka uliokauka juu si lazima uwe umekufa. Chambua shina moja kwa kucha: likiwa jeupe na lenye unyevu ndani, lina uhai, likiwa la kahawia na linavunjika kama njiti, limekwisha. Mikeka hai iliyokosa kushika inuliwe, udongo wa chini uloweshwe na kulegezwa kwa reki, kisha irudishwe na kupigwapigwa. Iliyooza iachwe bila maji siku mbili au tatu, na ardhi itobolewe kwa uma wa bustani ili hewa iingie. Penye mikeka iliyokufa kabisa, sishauri kununua mipya. Chukua mashina ya pasipalumu (aina ya nyasi zitambaazo) kutoka sehemu zilizopona, yenye vifundo viwili au vitatu, uyapande kwa umbali wa sentimita 15 mvua inapoanza. Hutambaa na kufunga ardhi katika miezi mitatu au minne, yanahitaji maji machache kuliko mkeka kwa sababu mizizi yake huzaliwa papo hapo, na kwa parsele nyingi za Goma nadhani hiyo ndiyo njia inayofaa tangu mwanzo.

Usikate nyasi mpaka uzivute na zikatae, jambo ambalo kwa kawaida hutokea katika wiki ya tatu au ya nne. Kupekupe (chuma cha kufyekea nyasi) ikipita juu ya mkeka usioshika huung'oa kwa pigo moja, kwa hiyo ukataji wa kwanza ufanywe ardhi ikiwa kavu, chuma kikiwa kimenolewa vizuri, na kisiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani.